Lushoto Usiku: Taa Kali na Adabu ya Barabarani

Gari la porini limepata macho mapya. Je, barabara ya kuyajaribia ipo? Mhariri wenu na mume wake walipanda Usambara, wakarudi na haya.

Wapendanao wa Dar tuna ugonjwa mmoja. Wikiendi ikifika, wote Bagamoyo. Tukiichoka Bagamoyo, tunavuka Zanzibar. Si vibaya hata kidogo, bahari ni bahari. Lakini kama nyumbani mna gari la 4WD ambalo kazi yake kubwa ni kuchoma mafuta kwenye foleni ya Mwenge, mnalionea. Mwezi huu lipelekeni mahali linapostahili.

Mahali penyewe ni barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga. Ni kama kilomita 33 tu, na ni lami. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni safari ya nusu saa na soda mkononi. Thubutu! Ndani ya hizo kilomita 33 unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kona juu ya kona. Mchana ni picha tupu: maporomoko ya Soni, mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko, watoto wanaopunga mkono. Usiku ni habari nyingine kabisa, na ndiyo habari ya mwezi huu.

Kochi au taa?

Tuna Land Rover Defender, ile ya umbo la zamani, ya taa mbili za duara kama macho ya bundi. Mnaozipenda mnajua kwamba ya mwisho ya umbo lile ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Ni gari tamu. Linapita matope, linapita mchanga, linapita hata kiburi cha wenye magari mapya. Ila usiku, ndugu zangu! Taa zake za halojeni zilikuwa za njano, kama mtu anawatafuta kwa mshumaa.

Mume wangu akaja na hoja: tubadilishe, tuweke LED. Mimi nilikuwa na hoja yangu pia, inaitwa kochi. Si mnajua mambo ya nyumba za vijana, bajeti ni moja na ndoto ni mbili.

"Mama, hizi si urembo," akasema.

"Basi nipe hesabu," nikamjibu.

Akachukua risiti ya dukani, akaandika nyuma yake. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde gari linakula mita 22. Mpaka jicho lione, akili iamue na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imeshakwenda. Hizo ni mita 33. Ongeza kama mita 35 za gari kusimama kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazima. Jumla inakaribia mita 70. Ukienda 100, jumla inakaribia mita 100. Sasa mtu aliyevaa nguo nyeusi, anatembea pembeni ya barabara isiyo na taa, kwa dimu ya halojeni humwoni vizuri mpaka awe kwenye mita 40 au 50 hivi.

Nikaitazama ile risiti muda mrefu. Mita 70 za kusimama, mita 50 za kuona. Zile mita 20 zilizobaki ni za nani? Ni za mama anayetoka shamba na kuni kichwani. Ni za mwanafunzi mwenye baiskeli isiyo na taa. Kochi likasubiri.

Inamulika upande gani?

Tukaenda Gerezani, kwa wauza spea. Duka la kwanza, kijana mchangamfu, maneno mengi: "Sister, hii ukiwasha hapa inamulika mpaka Morogoro!" Boksi limeandikwa lumeni nyingi mpaka zinatia shaka, na picha ya Jeep juu ya jiwe.

Mume wangu akauliza swali moja tu: "Dimu yake inamulika upande gani?"

Kijana akamtazama kama vile ameulizwa rangi ya upepo.

Wapendwa wasomaji, swali hili likaririni. Dimu nzuri haimwagi mwanga sawasawa pande zote. Ina mstari: juu giza, chini mwanga. Upande mmoja mstari huo unainuka kidogo ili umulike pembeni ya barabara, wanakotembea watu na mbuzi. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo mstari uinuke kushoto, na kulia ukae chini, maana kulia ndiko anakokuja mwenzako. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya wanaendesha kulia, kwa hiyo taa zao zinainuka kulia. Chukua taa ya kule, ifunge kwenye gari la Dar, na ile sehemu iliyoinuka inaingia moja kwa moja kwenye macho ya dereva unayepishana naye. Na hapo hujawasha fulu, uko kwenye dimu na unajiona mstaarabu!

Tatizo ni kwamba taa nyingi za duara za inchi 7 zilizoko sokoni zimetengenezwa zikilenga Jeep Wrangler za Marekani. Kipenyo ni kilekile, kwa hiyo zinaingia kwenye Defender kama mkono kwenye glovu. Land Cruiser nyingi za zamani za taa za duara, ikiwemo ile tunayoiita mkonga, nazo zinatumia kipimo hicho. Kuingia zinaingia. Kufaa ni jambo lingine.

Utajuaje? Soma kioo chenyewe, achana na boksi. Taa zilizopitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zina herufi E yenye namba ndani ya duara. Simama ukiitazama taa uso kwa uso, tafuta mshale mdogo. Ukielekea mkono wako wa kulia, hiyo ni ya nchi zinazoendesha kushoto, yaani yetu. Mshale wenye ncha pande zote mbili maana yake taa inaweza kurekebishwa kwa upande wowote. Hakuna mshale? Ni ya wanaoendesha kulia. Ukikuta imeandikwa DOT peke yake, hiyo imetengenezwa kwa barabara za Marekani.

Duka la tatu tukaipata yenye mshale wetu. Ilikuwa na bei kubwa kuliko ile ya "mpaka Morogoro", nisiwafiche. Kochi likasogezwa mwezi mwingine.

Usidanganyike na globu

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi watakupa: acha taa zako za zamani, badilisha globu tu, chomeka ya LED. Rahisi, dakika tano, na mwanga unakuwa mweupe peee! Kwa nini basi tusifanye hivyo?

Globu ya halojeni ina waya mdogo unaowaka mahali pamoja maalumu. Kile kioo cha ndani kimekunjwa kwa hesabu kufuata waya ule, kiukusanye mwanga na kuupeleka barabarani. LED haiwaki hivyo. Ina vipande bapa, mara nyingi vimebandikwa pande mbili za kijiti. Ukiiweka ndani ya kioo kilichokunjwa kwa ajili ya waya, mwanga unatoka mwingi lakini umevurugika: mwingine unapanda juu kwenye matawi ya miembe, mwingine kwenye uso wa watu, na ule wa kwenda mbali unapungua. Dereva anaona mbele ya bampa pameng'aa anafurahi, kumbe mita 60 mbele pana giza kuliko zamani. Taa kamili, yenye kioo chake kilichobuniwa kwa LED, haina ugomvi huo.

LED zenyewe hazina kosa. Teknolojia hii imetoka mbali. LED ya bluu, iliyotuwezesha kupata mwanga mweupe, iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, kwa kazi waliyoifanya miaka ya nyuma. Mwaka 2007 Lexus LS 600h ikatoka na dimu za LED kutoka kiwandani. Leo hata gari la kawaida linazo. Zinakula umeme kidogo kuliko halojeni ya wati 55, zinadumu, na mtikisiko wa barabara mbovu hauzikati kama unavyokata ule waya wa globu. Kwa gari la porini, hiyo ya mwisho peke yake ni sababu tosha.

Fundi, ukuta na utepe

Fundi wetu wa umeme wa magari ni rafiki wa mume wangu, ananiita shemeji. Alituonyesha mambo mawili kabla hajagusa skrubu. Kwanza, volti: magari mengi ni volti 12, lakini zipo Land Cruiser za volti 24, na taa ya 12 ukiipa 24 umeiaga. Pili, Land Cruiser nyingi za zamani swichi ya taa inakata upande wa hasi badala ya chanya. LED nyingine zikifungwa humo kwa plagi ya kawaida zinachanganyikiwa: unaomba dimu, inakupa fulu. Kuna kiunganishi maalumu cha kurekebisha, ni kitu kidogo, ila fundi asiyelijua hilo atakufungulia wayaringi yote akitafuta mchawi.

Akatuambia pia tuwashe redio taa zikiwa zinawaka. LED hafifu huwa zinaleta mkwaruzo kwenye FM. Yetu ilikuwa kimya, muziki safi.

Halafu ikaja sehemu ambayo nawashauri wote mliooana, mliochumbiana na mnaofikiria kuchumbiana mfanye pamoja. Kupanga taa. Tulifanya jioni, kwenye uwanja tambarare, mbele ya ukuta wa jirani (tuliomba ruhusa, msiruke hatua hiyo).

Weka gari mita 10 kutoka ukutani, likiwa limejazwa upepo vizuri na limebeba mizigo ya safari, maana mizigo ya nyuma inainua pua ya gari na taa nazo zinaangalia nyota. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa. Weka alama ya urefu huo ukutani kwa utepe wa karatasi. Kisha weka utepe wa pili, sentimita 10 hadi 15 chini ya wa kwanza. Washa dimu. Ule mstari wa mwanga na giza ukae kwenye utepe wa chini, na sehemu inayoinuka iwe kushoto. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anazungusha skrubu. "Juu kidogo. Hapana, umepitiliza. Rudi. Hapohapo!" Kama mnaweza kumaliza zoezi hili bila kununiana, ndoa ina afya.

Tulipomaliza mume wangu alitaka tuondoke. Nikamwambia bado. Nikatembea kama hatua 50 mbele ya gari, nikasimama upande wa kulia, pale ambapo dereva anayekuja angekuwa. Nikamwambia awashe dimu. Nikaweza kusoma namba ya gari. Akawasha fulu. Nikafumba macho, na nilipoyafumbua niliona madoa ya kijani kwa muda, sioni ukuta, sioni gari, simwoni yeye.

"Umeona nini?" akaniuliza kutoka kwenye gari.

"Sijaona kitu," nikamwambia. "Ndicho nilichotaka kujua."

Chalinze, Segera, giza

Tuliondoka Dar Jumamosi mchana, mwezi wa Julai, kipupwe kimeshika. Tulipanga kwa makusudi tufike chini ya mlima jua likizama. Nyie mnaokwenda mara ya kwanza msituige, pandeni mchana, muijue barabara kwanza.

Chalinze tukanunua machungwa, tukashika njia ya kaskazini. Segera ndipo barabara zinapoagana, moja Tanga, moja Korogwe na Moshi. Tukafuata ya Moshi. Mkonge ukaanza kujipanga pembeni, mistari kwa mistari kama askari wa gwaride. Na giza la kwetu mnalijua, halibishi hodi. Saa kumi na mbili jioni unaona kila kitu, saa moja usiku umemezwa.

Hapo ndipo tulipoziona taa za wenzetu. Sitaki kuwasema watu, lakini jamani! Pikipiki yenye taa moja inayowaka kama kituo cha mafuta. Gari dogo lenye globu zilizochomekwa, mwanga umetapakaa mpaka juu ya nguzo za umeme. Kila tukipishana, sekunde mbili, tatu, hatuoni kitu. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde tatu ni mita 50 za kuendesha umefumba macho. Na barabara ile ina watu. Ina bodaboda. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani nayo yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo msitegemee kuwa na lami peke yenu.

Ukikutana na mwanga wa namna hiyo, usiutazame. Peleka macho kwenye mstari mweupe wa kushoto, ushikilie huo, punguza mwendo. Na usimlipe kwa fulu. Mume wangu alishanyoosha mkono kwenye swichi, nikaushika. Madereva wawili wasioona ni wabaya kuliko mmoja.

Kabla ya Mombo tukayaona majani. Matawi mabichi yamewekwa barabarani, ile alama yetu ya "kuna gari limekufa mbele". Kwa mwanga mweupe wa LED yalionekana kijani kabisa, kutoka mbali, nasi tukapunguza mapema. Nyuma ya kona lilikuwepo trela, limelala nusu njia, halina hata taa moja. Utingo amechuchumaa pembeni na tochi ya simu. Hatukusema kitu mpaka tulipolipita. Kisha mume wangu akasema polepole, "Kochi lile." Nikamjibu, "Endesha."

Mlimani taa haina ubabe

Mombo unakunja kulia, na mlima unakupokea bila salamu. Nilichojifunza pale kwenye kona za kwanza ni kwamba taa inakwenda mbele moja kwa moja, barabara haiendi. Kwenye kona kali, mwanga wote mzuri ulioulipia unaondoka na kumulika hewa juu ya bonde, wakati barabara imekunja kushoto gizani. Fulu haisaidii. Kinachosaidia ni gia ndogo, mwendo wa pole na kushusha kioo ili masikio nayo yafanye kazi.

Usiku malori yanashuka na mboga za Lushoto kwenda masoko ya Dar: kabichi, karoti, viazi. Hayana haraka, ila yana uzito. Dalili ya lori linalokuja unaiona kabla ya lori lenyewe, mwanga unatembea kwenye miti ya mlima wa pili. Ukiuona huo, weka dimu hapohapo, kabla ya kona. Ukisubiri muonane uso kwa uso umeshampofusha, naye upande wake mmoja ni bonde.

Mahali pembamba karibu na Soni tulikaa pembeni tukampisha fuso. Dereva, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufi, akasimama dirisha kwa dirisha.

"Shikamoo, mzee," tukamwambia.

"Marahaba, wanangu. Taa zenu nyeupe, lakini hazichomi. Wengine wanatuletea jua huku, sisi tunashuka na breki za kuombea."

Akacheka, akaenda zake, na harufu ya kabichi ikabaki. Katika sifa zote ambazo lile gari limewahi kupewa, na mume wangu anazihesabu, hiyo naiweka ya kwanza.

Juu ya Soni tukaingia kwenye ukungu. Hapa wenye LED tunyenyekee. Ukungu ni matone ya maji, na matone yanakurudishia mwanga wako. Ukiwasha fulu unajengewa ukuta mweupe mbele ya kioo, na kadiri taa ilivyo kali ndivyo ukuta unavyonenepa. Dimu, pamoja na zile taa ndogo za ukungu zilizofungwa chini kwenye bampa, zinapita chini ya ukuta na kukuonyesha kipande cha lami. Kipande hicho kinatosha kwa kilomita 20 kwa saa. Tulikwenda kwa 20.

Kilomita 33 zilituchukua zaidi ya saa moja na nusu. Tulipofika Lushoto baridi ilitupokea kwa makofi. Chai ya tangawizi, blanketi mbili, tukalala kama magogo.

Asubuhi yake

Sasa raha. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal walipokuwa watawala, na bado kuna majengo ya enzi hizo. Sokoni kuna matunda ya baridi ambayo mtoto wa Dar anayajua kwenye pakiti za juisi tu. Nendeni Irente, kilomita chache kutoka mjini, mkasimame kwenye jabali. Chini yenu ardhi inaanguka kama mita 1,000, na mbuga imetandazwa mpaka macho yachoke. Mkate na jibini vya shamba la Irente viliwe palepale nje. Wenye miguu waende msitu wa Magamba. Na wapenda maua wajue kwamba yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa Ulaya kwenye vyungu asili yake ni milima hii ya Usambara.

Kama gari lenu ni la porini kweli, songeni mbele hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo kabisa wa milima. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Na hapa kuna siri ya LED ambayo muuza spea hakuambii: kioo chake hakipati joto kama cha halojeni. Umande na matope vikishika havikauki haraka, vinakaa. Kila mkisimama kupiga picha, mmoja afute taa kwa kitambaa chenye maji. Kazi ya dakika moja. Usiku mtanishukuru.

Kabla hujalipa

Soma kioo: mshale uelekee mkono wako wa kulia ukiitazama taa, au uwe na ncha mbili.

Nunua taa kamili, usinunue globu ya kuchomeka kwenye kioo cha zamani.

Uliza volti, na kama ni Land Cruiser ya zamani uliza kuhusu swichi ya upande wa hasi.

Tafuta alama ya IP67. Sita ni vumbi haliingii, saba ni kwamba taa inavumilia kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Mito ya kuvuka haina utani.

Usikimbilie mwanga wa bluu. Kelvini 5,000 hivi zinatosha. Ukienda juu zaidi unanunua rangi, na macho ya wengine yanaumia.

Taa za zamani zifunge kwenye gazeti, ziweke nyuma ya kiti. Porini spea haiozi.

Na ukishafunga, usiishie kwa fundi. Mwombe mwenzi wako akae kwenye usukani, wewe usimame mbele, upande wa kulia, hatua 50. Kisha mbadilishane. Kama mmoja wenu amefumba macho kwenye dimu, gari halijawa tayari kwa mlima, wala kwa mama anayerudi shamba na kuni kichwani. Rudini kwenye ukuta na utepe wenu. Lushoto ipo, haihami.

Safari njema, na mkituona kwenye kona za Soni, dimu tafadhali.